Dawa Tuliyoigawa

Nilikuwa na mwaka wa pili tangu kuolewa Pangani mume wangu alipoanza kukohoa. Mimi ni mzaliwa wa Tanga mjini, Ngamiani, na baba yangu alinisomesha mpaka darasa la nne, jambo ambalo kwa msichana wa miaka ile ya hamsini lilihesabika kuwa ni kusoma sana. Nyumba niliyoolewa hawakuwa na haja na kusoma kwangu. Mavyaa, mama wa mume wangu, alitaka kujua kama naweza kukuna nazi nikaimaliza kifuuni, na kama nina mdomo. Alipoona nazi naikuna na mdomo nauzuia, tukakaa vizuri.

Tulikuwa watu wanne. Mavyaa alikuwa mjane, mtu mwembamba, mwepesi wa mikono, akisuka makuti ya kuuza tangu asubuhi mpaka jua linapotua. Alizaa watoto saba na wakabaki wawili: mume wangu, na wifi yangu aliyekuwa na miaka kumi na mitano au sita. Wa nne ni mimi. Hatukuwa bado tumepata mtoto, na hilo halikusemwa mbele yangu, ila nilikuwa najua kuwa linasemwa.

Mume wangu alikuwa mfua nazi. Kila siku akivuka mto kwenda Bweni, kwenye shamba moja kubwa la minazi, akasimama mbele ya kifuo, ule mti uliotiwa ncha ya chuma na kuchimbiwa ardhini, akalikita kumbi la nazi kwa nguvu na kulizungusha mpaka limenyofoka. Nazi mia kwa mia. Kazi hiyo inampa mtu mabega. Nilipoletwa kwake nilimwona ana mabega kama mlango, nikajisemea moyoni kuwa nimepata mume wa kuzeeka naye.

Kikohozi alikilaumu vumbi la makumbi. Baadaye akailaumu baridi ya asubuhi mtoni. Mashati yakaanza kumpwaya. Siku moja nikiwa nafua uani nikakuta leso yake imekunjwa ndogo kabisa, imesukumwa ndani ya mfuko wa suruali, na nilipoikunjua ilikuwa na damu iliyokauka. Nikaifua. Sikumwambia mtu, na yeye hakuniuliza.

Baada ya miezi michache wifi yangu naye akaanza. Hapo ndipo mavyaa alipoingiwa na hofu. Mwalimu mmoja wa chuo akawaandikia kombe, aya za Kurani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji wakanywa wote wawili kwa siku saba. Mavyaa akawachemshia majani na mizizi kutoka ng'ambo. Jirani alipouliza, "Vipi, watoto wanaumwa?" mavyaa alijibu kuwa ni mafua tu. Nyumba yenye ugonjwa wa kifua mabinti zake hawaposwi, na wifi yangu alikuwa amekwisha kuulizwa na watu wa Mkwaja.

Siku mume wangu alipoanguka njiani akirudi kutoka kivukoni, hapakuwa tena na mafua ya kusingizia. Dresa, yaani mganga msaidizi, wa zahanati ya Pangani alimtazama, akamtazama na dada yake, akatuandikia barua kwenda Tanga. Tukapanda basi wote wanne.

Hospitali wakapigwa picha za kifua, wakapimwa makohozi, na siku ya tatu wakaitwa ndani. Mavyaa na mimi tulikaa nje kwenye benchi na kikapu chetu cha mikate ya mofa. Hakuna aliyetuita. Ndani alikuwamo daktari Mzungu, kijana mrefu mwenye kusema polepole, na dresa wake wa kumfasiria, mtu mzima kutoka milimani, Mkristo, mwenye adabu sana. Walichoambiwa humo tulikisikia baadaye kwenye basi, kutoka kwa mume wangu, kwa vipande vipande kwa sababu kila mara kikohozi kilimkatiza. Alisema kuwa vitanda vimejaa. Alisema kuna dawa mpya, nao wanataka kujua kama mtu anaweza kutibiwa nyumbani kwake, kati ya watu wake, badala ya kulazwa mwaka mzima. Wagonjwa wamegawanywa mafungu mawili. Fungu moja linapewa vidonge peke yake. Fungu la pili linapewa vidonge na unga.

Yeye aliangukia fungu la pili. Dada yake aliangukia la kwanza.

Kabla hatujaondoka dresa alitoka nje akauliza, "Nani katika nyumba hii anajua kusoma?"

Nikasema, "Mimi."

Akanipa kadi mbili zenye vyumba vidogo vidogo, kila chumba ni siku. Akanieleza kuwa mgonjwa akimeza dawa mbele ya macho yangu, nitie vema katika chumba cha siku ile. Asipomeza, nisitie kitu. "Wewe ndiye jicho letu nyumbani," aliniambia. "Ukitudanganya wewe, tumedanganyika wote." Kila mwezi gari la hospitali lingekuja Pangani kuchukua makohozi na mikojo na kuleta dawa nyingine.

Nilijisikia mtu mkubwa. Nasema hivi kwa aibu. Nilizishika zile kadi kifuani safari yote.

Kwenye basi mavyaa alikuwa anazitazama pakiti. "Kwa nini huyu kapewa mbili na huyu moja?" aliuliza.

Mume wangu akamjibu, "Ndivyo walivyopanga, mama. Wanajaribu ipi inafaa."

"Wanamjaribu nani?"

"Wanaijaribu dawa."

"Dawa haina kifua," mavyaa alisema.

Asubuhi ya pili niliamka nikamkuta uani ameketi kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, ametandika kitambaa safi, ameweka bakuli mbili. Amefungua pakiti ya unga ya mume wangu na anaigawa kwa kijiko, huku nusu, huku nusu, akirudisha punje hapa na kupunguza pale kama mtu anayepima dhahabu. Nikamwambia, "Mama, ule unga ni wa mwanao wa kiume peke yake. Ndivyo walivyosema."

Akaniangalia. Hakukasirika. "Mimi nimewazaa wote wawili," alisema. "Sikuzaa wa fungu la kwanza na wa fungu la pili."

Nilikuwa na miaka ishirini. Nilikuwa mke wa mtu katika nyumba ya mama yake. Nilingoja mume wangu aamke aseme neno, kwa sababu nilijua nikisema mimi litakuwa langu peke yangu. Alipotoka na kuona bakuli mbili, alielewa mara moja. Nikamvuta kando nikamwambia, "Kataa. Wewe ndiye mgonjwa zaidi. Kataa."

Akasema, "Nikiunywa wote mimi na yeye akafa, nitakaa vipi na mama yangu? Mwachie mdogo wangu anywe." Nilipoendelea kumsihi aliapa kwa sauti ya chini kabisa kwamba nikimpasulia mama yake jambo hili, basi ataumwaga unga wote mtoni asiupate mtu.

Wakanywa. Ulikuwa unga mchungu wenye kuchafua tumbo, na mara nyingi mume wangu aliinama nyuma ya choo akatapika hata ile nusu. Mimi nikaingia ndani, nikachukua penseli, nikatia vema kwenye kadi zote mbili.

Nilitia vema siku ya pili, na ya tatu. Gari lilipokuja mwezi wa kwanza dresa alizitazama kadi zangu akasema hajaona nyumba yenye uangalifu kama yetu.

Na kwa kweli walipata nafuu, na hilo ndilo lililotufunga midomo. Homa za jioni zilikatika. Wifi yangu alinenepa mashavu, akaanza tena kusuka ukili na kuimba. Mume wangu alikuwa akitembea mpaka kivukoni na kurudi. Mavyaa akawa anagawa dawa kwa moyo mweupe, anasoma dua, anapuliza juu ya bakuli. Nikaanza kuamini kuwa huenda yeye anajua na hospitali haijui. Nikaanza kulala usingizi.

Siku moja mavyaa aliondoka alfajiri kwenda mazishini Ushongo, akaniachia nigawe mimi. Niliketi pale uani na pakiti mkononi. Nikaimimina yote kwenye bakuli la mume wangu. Wifi yangu akatoka, akaona bakuli lake lina kidonge tu na maji.

"Leo ni zamu ya kaka?" aliniuliza.

"Ndiyo."

Akachukua kidonge chake akameza. Akaosha bakuli, akalipangusa, akaliweka mahali pake, wala hakumwambia mama yake aliporudi. Mtoto yule alinipenda. Mpaka leo sijapata kumwambia mtu jinsi nilivyomchukia kwa muda ule mfupi, jinsi nilivyomtazama shingo yake ikimeza na kuona kuwa kila punje ya unga iliyopita kwake ni siku ya mume wangu inayopungua.

Mwezi wa nne au wa tano homa ya jioni ilirudi kwa mume wangu. Alijificha. Alikuwa akiniambia nimletee maji ya moto aoge ili jasho lisijulikane ni la nini. Kisha leso ikarudi.

Gari la hospitali lilipokuja, dresa alipanga vikopo vya mikojo juu ya meza nje ya zahanati, akatia katika kila kimoja matone ya dawa ya manjano. Nilikuwa sijui ni ya nini. Miezi ile ya nyuma walikuwa wakiichukua mikojo kwenda kuipima Tanga, na baadaye nilisikia kuwa huko waliipima ya fungu la unga tu. Safari hii waliipima mbele yetu. Kikopo cha mume wangu kikageuka rangi ya zambarau iliyofifia. Cha wifi yangu nacho kikageuka zambarau iliyofifia. Cha wifi yangu hakikutakiwa kugeuka, dresa alisema, kwa kuwa rangi ile huletwa na unga, na yeye hakuandikiwa unga.

Dresa alivisogeza vikopo vile viwili pamoja. Kisha akaniita mimi, si mume wangu.

"Mama, hapa pana nini?"

Nikasema, "Pengine vikopo vimechanganyika."

"Vyote viwili vina rangi. Vingekuwa vimechanganyika, kimoja kingebaki bila rangi."

"Pengine alionja," nilisema. "Mtoto. Pengine alionja tu."

Alinitazama kwa macho ya mtu aliyekwisha jua. Lakini alikuwa ameniita jicho lao, na nadhani hakutaka kuwa mtu wa kulitoboa. Akaandika kitu, akasema, "Basi mwezi ujao tutaona." Nikarudi nyumbani na dawa ya mwezi mwingine, na tukaigawa mwezi mwingine. Miaka yote hii nikihesabu makosa yangu, naanzia hapo. Zile vema nilizitia kwa woga wa mavyaa na kwa kiapo cha mume wangu. Lakini siku ile nilikuwa nimeulizwa, na mtu mpole, mbali na nyumbani, na nilikuwa na mdomo.

Mwezi uliofuata daktari alikuja mwenyewe. Hakutuita zahanati. Alikuja mpaka nyumbani na dresa wake, wakavua viatu barazani, na mavyaa akawatandikia mkeka. Walisalimiana. Dresa, ambaye umri wake haukupishana sana na wa mavyaa, alimwamkia shikamoo, na nikaona bega la mavyaa limelegea kidogo.

Daktari aliuliza kwa utaratibu, na dresa akafasiri: je, dawa za watoto hawa zinanywewa vipi?

Mavyaa akasema, "Nazigawa."

Hakuficha hata chembe. Alikwenda akaleta kile kijiko na bakuli mbili, akaonyesha. Daktari alikitazama kile kijiko kwa muda mrefu. Kisha akauliza kwa nini hakusema.

"Mwambie," mavyaa alimwambia dresa, "mimi nilikaa nje kwenye benchi kutwa nzima siku ile. Sikuona mtu wa kuja kuniuliza. Mlizungumza na mwanangu ambaye homa imempanda kichwani, mkazungumza na mkamwanangu kwa sababu anajua kusoma. Anayewalisha hawa ni mimi. Anayewaogesha ni mimi. Mnanipa watoto wangu na dawa zisizolingana, mnafunga mlango, halafu mnanijia leo kuniuliza kwa nini sikusema. Mliniuliza lini?"

Dresa alifasiri yote. Najua alifasiri yote kwa sababu uso wa yule kijana ulikuwa unageuka rangi. Akaanza kueleza taratibu, akimtazama mavyaa mwenyewe na si dresa. Alisema wadudu wa ugonjwa huu wakipigwa sawasawa na dawa mbili wanakufa, lakini wakipigwa nusu nusu wanapona, na wakipona wanaizoea dawa, na wakiizoea haiwadhuru tena. Alisema makohozi ya mume wangu yanaonyesha kuwa wadudu wake wamekwisha kuzoea. Ya wifi yangu bado hayajaonyesha hivyo.

Mavyaa alisikiliza mpaka mwisho. Mikono yake ilikuwa juu ya magoti, imetulia, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Akamgeukia dresa.

"Basi nimemuua mwanangu?"

Dresa hakulifasiri swali lile. Daktari akauliza, "Anasema nini?" na dresa akamjibu kwa Kiingereza kitu kifupi kisichokuwa hicho; Kiingereza changu kilikuwa haba, lakini kiasi hicho nilikijua. Kisha akamwambia mavyaa, "Mama, wote wawili bado wako hai. Twende Tanga."

Mume wangu alikuwa mlangoni, ameegemea mwimo. Alisikia kila neno.

Walilazwa wote wawili, kila mmoja wodi yake, wakaanza kupigwa sindano. Mavyaa na mimi tulihamia kwa wazazi wangu Ngamiani, tukawa tunalala chumba kimoja, kitanda kimoja, mimi na yeye. Kila siku tunapeleka chakula. Wifi yangu alikuwa akila. Mume wangu alikuwa akifungua sahani, anainusa, ananishukuru, anaifunika.

Kila siku nilijiandaa kumwomba msamaha na kila siku nilizungumza habari nyingine. Mwishoni nilimwambia. Nilimwambia ile asubuhi ya Ushongo, na vile vikopo. Alikuwa hawezi kusema sana. Akasema, "Wewe ulikuwa unanitaka mimi tu. Hilo si kosa." Kisha akasema, "Lakini yule mtoto usimwambie."

Alifariki wodini kabla ya adhuhuri, mavyaa akiwa amemshika miguu na mimi nimekwenda kuteka maji. Nilirudi na ndoo nikawakuta wauguzi wameanza kuvuta pazia. Tulimzika Pangani. Mabega yale yalikuwa yamekwisha kabisa; wanaume wanne walimbeba kama wanaobeba jeneza tupu.

Nilikaa eda katika nyumba ile, miezi minne na siku kumi, mimi na mavyaa na makuti yake. Wiki nzima zilipita hatujabadilishana maneno zaidi ya chumvi na kuni. Siku moja akiwa anasuka, hakuinua kichwa, akaniuliza, "Siku ya kwanza nilipogawa, ulikuwa unajua kuwa ni vibaya?"

"Nilikuwa najua wamekataza. Kwa nini wamekataza, sikujua."

"Hukuwauliza?"

"Sikuwauliza."

Aliendelea kusuka. Nilitamani anitukane. Nilitamani afungue mlango anifukuze nirudi kwetu. Alipomaliza kuti lile akalichukua lingine.

Wifi yangu alikaa hospitali karibu mwaka, akatoka amepona. Mimi nilikuwa nimerudi kwa wazazi wangu, na nilipokwenda kumchukua, dresa aliniita kando. Alisema sasa hawampi mtu dawa ya kwenda nayo nyumbani mpaka wamewaita watu wake wote, mama akiwapo, wakakaa chini wakaulizana. Akaniuliza kama naweza kuja kuzungumza na akina mama wa pwani, kwa sababu mimi nimeyaona. Kisha akasema jambo jingine, kwa kusitasita. Alisema vile vidonge vya peke yake havikufaa. Wengi wa fungu lile walipata nafuu mwanzo kisha ugonjwa ukawarudia, na wadudu wao wamezoea. Wifi yangu hakuwa kama wao. Huenda ile nusu ya unga, alisema, ndiyo iliyomshika mpaka sindano zikamkuta. Hana hakika. Lakini huenda.

Nilimpeleka wifi yangu Pangani, na siku ile ile, tulipobaki wawili, nikamweleza mavyaa, nikidhani namletea kitu cha kumpoza. Alikuwa amesimama. Alikaa chini mchangani palepale uani.

"Kwa hiyo kile nilichomnyima yule ndicho nilichompa huyu," alisema.

"Dresa mwenyewe hana hakika, mama."

"Mimi nina hakika." Alijishika kichwa kwa mikono miwili. Alilia kilio ambacho hakukilia siku ya mazishi, bila sauti, mwili mzima ukitikisika, na mimi nikiwa nimemshika nikalia naye. Alipopata pumzi alinishika mkono kwa nguvu. "Wifi yako asilijue hili. Asije akaishi akidhani amemla kaka yake."

Hospitali nilikwenda. Nilikwenda kwa muda wa miaka miwili hivi, kila gari lilipotoka, nikakaa na mama wa huyu na bibi wa yule kwenye mikeka yao, nikawaeleza habari za wadudu wanaozoea. Niliwauliza wanaogopa nini. Walikuwa wakiniambia mambo ambayo daktari asingeyapata hata kwa kuwapiga picha. Habari zangu mwenyewe sikuwahi kuwaeleza. Wengine walinisikiliza, wengine waligawa dawa vilevile, na walipogawa nilizikuta rangi vikoponi na sikuwa na ujasiri wa kuwakaripia.

Mavyaa hakuishi sana. Wale watu wa Mkwaja walirudi na posa yao, wakaambiwa ukweli wote wa ugonjwa, na wakaoa hivyo hivyo. Wifi yangu ana watoto wanne. Nikienda kwake hunilaza kitandani mwake naye akalala chini, na asubuhi hunikuta nikiwa macho nimekaa kitako, kwa sababu msimu wa baridi yeye bado hukohoa kidogo, na kila akikohoa mimi huamka.